Mtakatifu Marcellin Champagnat, Mtoto Aliyeshindwa Kusoma

Katika kila darasa yumo mtoto anayekaa nyuma. Wenzake wanaposoma kwa sauti, yeye huinamisha kichwa. Akiitwa ubaoni, hutetemeka. Akipewa kitabu, husema maneno aliyoyasikia kwa wengine, wala macho yake hayafuati mistari. Mwaka ukiisha, jina lake huandikwa pamoja na walioshindwa, na pengine mwalimu humshauri baba yake amrudishe shambani, kwa kuwa mtoto huyu hakuumbwa kwa ajili ya shule.

Kabla ya kulitamka neno hilo, yafaa kila mwalimu na kila katekista ayajue maisha ya kijana mmoja wa Ufaransa. Yeye naye alihukumiwa hivyo hivyo, tena zaidi ya mara moja. Na kijana huyo ndiye Mungu aliyemweka kuwa baba wa maelfu ya walimu.

Utoto wake

Marcellin Champagnat alizaliwa tarehe 20 Mei 1789 katika kitongoji cha Le Rosey, parokia ya Marlhes, katika nchi ya milima na baridi kali. Alikuwa mtoto wa tisa kati ya watoto kumi. Baba yake, Jean-Baptiste, alikuwa mkulima mwenye elimu, akashika pia kazi za utawala mjini kwao. Mama yake, Marie-Thérèse Chirat, alikuwa mwanamke wa sala na kazi. Katika nyumba ile alikaa pia shangazi yake Louise, mtawa aliyefukuzwa katika konventi yake.

Maana mwaka ule ule wa 1789 Mapinduzi makuu yalianza katika Ufaransa. Mashirika ya watawa yakavunjwa, mapadri wengi wakajificha au wakauawa, na shule nyingi zikafungwa kwa sababu walimu wake walikuwa watawa. Basi watoto wa milimani wakakua bila mwalimu. Tena lugha yao ya nyumbani haikuwa Kifaransa cha vitabuni, bali lugha ya wenyeji wa milima ile. Mtoto aliyefungua kitabu alipaswa kushinda vitu viwili pamoja: herufi asizozijua na maneno asiyoyazoea.

Mama na shangazi walijaribu kumfundisha Marcellin kusoma. Walifanya kwa upendo na uvumilivu, lakini matunda yalikuwa machache sana. Alipofika umri wa miaka kumi na mmoja hivi, alikuwa bado hajui kusoma sawasawa. Ndipo wazazi wake wakaamua kumpeleka kwa mwalimu wa Marlhes.

Siku moja tu shuleni

Siku ile ya kwanza Marcellin aliingia darasani kwa haya, asimjue mtu. Mwalimu akamwita aje mezani asome. Alipokuwa akienda, mtoto mwingine akatangulia mbele yake. Labda mwalimu alidhani kwamba kwa kumwadhibu huyo atampendeza mgeni. Akampiga mtoto yule kofi kali, akamrudisha mahali pake akilia. Marcellin akasimama pale akitetemeka. Moyoni mwake akaona kwamba mtu anayepiga hivi bila sababu hawezi kumfundisha, kwa kuwa aliyejaa hofu hasikii neno. Aliporudi nyumbani akakataa kabisa kwenda tena. Hivyo masomo yake ya shule yakaisha siku ile ile yalipoanza.

Jambo la pili lilimpata katika mafundisho ya dini. Padre aliyefundisha alichoshwa na mtoto mmoja mtundu, akampa jina la kumchekesha. Watoto wengine walilishika jina hilo, wakalitumia njiani na michezoni, hata yule maskini akawa mwenye uchungu, akajitenga na watu. Marcellin hakuyasahau mambo hayo mawili maisha yake yote. Kofi moja na jina moja la mzaha vilimwonyesha jinsi mwalimu awezavyo kuufunga mlango wa shule bila kutumia ufunguo.

Je, Marcellin alikuwa hana akili? Mambo aliyoyafanya baada ya hapo yajibu swali hilo. Alibaki nyumbani, baba yake akamfundisha kulima, kujenga na kuchonga mbao. Akapewa wana-kondoo wachache, akawalisha, akawauza, akanunua wengine, hata akiba yake ikafika faranga 600, fedha nyingi kwa kijana wa siku zile. Mtoto aliyeshindwa na kitabu hakushindwa na hesabu ya sokoni wala na kazi ya mikono. Kilichokosekana ni njia ya kumfikishia elimu.

Kushindwa mara ya pili na ya tatu

Marcellin alipokuwa karibu na miaka kumi na mitano, padre mmoja alipita nyumbani kwao akitafuta vijana wa kuingia seminari. Kaka zake hawakutaka. Marcellin alikubali, na tangu siku ile hakurudi nyuma. Lakini seminari ilidai Kilatini, naye hata Kifaransa alikisoma kwa shida.

Akaenda kukaa kwa shemeji yake, Benoît Arnaud, aliyekuwa mwalimu katika mji wa Saint-Sauveur. Shemeji akafanya bidii, kijana naye akafanya bidii, lakini mwisho wake mwalimu huyo akasema kwamba kazi ya vitabu haikumfaa kijana huyu, afadhali aiache. Baba yake alikwisha kufariki mwaka 1804. Mama mjane angeweza kumrudisha shambani, maana mikono yake ilihitajika. Badala yake alimchukua mwanawe, wakaenda kuhiji kwa miguu mpaka La Louvesc, kwenye kaburi la Mtakatifu Yoane Fransisko Regis, wakasali pamoja. Kisha akamtayarishia nguo za seminari.

Mwaka 1805 Marcellin akaingia seminari ndogo ya Verrières. Alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu wa kimo, akaketi pamoja na wanafunzi wadogo wanaoanza. Wengine walimcheka. Mwisho wa mwaka wa kwanza wakubwa wa seminari walimshauri asirudi tena. Hiyo ilikuwa hukumu ya tatu: kwanza siku ile ya kofi, kisha nyumbani kwa shemeji, na sasa seminarini.

Mama yake hakukubali kwamba mambo yamekwisha. Yeye na paroko wa Marlhes wakamwombea, na wakubwa wakakubali kumpokea mara ya pili. Mwaka huo Marcellin alianza kusonga mbele. Alipopewa kazi ya kuangalia chumba cha kulala, wenzake walipolala yeye alikaa na vitabu vyake. Maendeleo yake hayakuwa ya ajabu. Alipanda hatua kwa hatua, kama mtu anayepanda mlima na mzigo mgongoni.

Hapo Verrières, mwaka 1812, alifika mwanafunzi mwingine mwenye shida kama yake, aliyekuwa amezidi miaka ishirini na mitano, ambaye Kilatini kilimtoa jasho. Huyo ndiye Yoane Maria Vianney, atakayekuwa paroko mtakatifu wa Ars. Watakatifu wawili walikaa katika madarasa yale, na katika hesabu ya alama hakuna aliyekuwa wa kwanza.

Tarehe 22 Julai 1816 Marcellin alipewa daraja ya upadri mjini Lyon. Tangu kofi la Marlhes zilikuwa zimepita kama miaka kumi na sita.

Kijana wa Les Palais

Padre Champagnat alitumwa awe msaidizi wa paroko katika La Valla, parokia ya milimani yenye vitongoji vingi vilivyotawanyika. Tarehe 28 Oktoba 1816 aliitwa kwa mgonjwa katika kitongoji cha Les Palais. Alimkuta kijana wa karibu miaka kumi na saba, Jean-Baptiste Montagne, mtoto wa seremala, akiwa mahututi. Kijana huyo hakujua sala, wala hakumjua Mungu aliyemwumba. Padre akakaa naye muda wa saa mbili hivi akimfundisha mambo ya lazima, akamwungamisha, akaenda kumwona mgonjwa mwingine. Aliporudi akaambiwa kwamba kijana amekwisha kufa.

Akarudi La Valla akiwa na mawazo mengi. Kijana yule hakuwa mbaya, alikuwa hakufundishwa. Ni watoto wangapi wengine milimani walikuwa katika hali ile, kwa sababu hakuna mwalimu, au kwa sababu mwalimu aliwafukuza kwa ukali wake? Padre akaona kwamba haifai kungoja tena. Lazima wapatikane walimu wa watoto hawa.

Mwalimu wa kwanza hakujua kusoma

Tarehe 2 Januari 1817 Padre Champagnat aliwaweka vijana wawili katika nyumba ndogo ya La Valla. Ndio mwanzo wa shirika la Mabruda Wadogo wa Maria, waitwao Wamarist. Mmoja alikuwa Jean-Baptiste Audras, mvulana wa miaka kumi na minne. Wa pili alikuwa Jean-Marie Granjon, aliyekuwa askari.

Na katika habari za Granjon limo jambo la kustaajabisha. Siku moja alikuja kumwita Padre kwa mgonjwa, na Padre alipoona moyo wake mwema akampa kitabu cha dini. Granjon akakataa, kwa sababu hakujua kusoma. Padre asingeshindwa kupata mwingine mwenye elimu. Lakini alimwachia kitabu kile kile, akaahidi kumfundisha yeye mwenyewe kwa kitabu hicho. Mtu mzima akaanza kujifunza herufi, na huyo asiyejua kusoma akawa jiwe la kwanza la shirika la walimu. Padre aliyajua maumivu yake, maana aliyapitia.

Vijana wengine walifuata, wengi wao watoto wa wakulima. Walitengeneza misumari ili wapate chakula, na saa nyingine walijifunza kusoma, kuandika, hesabu na katekismu. Padre alimleta mwalimu mwenye ujuzi akae nao na kufundisha watoto wa parokia, na Mabruda wakatazama kazi yake kila siku hata wakaweza kuifanya wenyewe. Mwaka 1818 akawatuma kufungua shule Marlhes, mji ule ule alikokaa siku moja tu darasani.

Kubadili njia ya kufundisha

Padre Champagnat hakutosheka kuwa na walimu wapole. Aliangalia pia njia yao ya kufundisha. Desturi ya zamani ilikuwa kumfundisha mtoto majina ya herufi kwanza. Mtoto alitaja jina la herufi moja, kisha jina la pili, halafu alidaiwa kutoa neno. Mwalimu wa Kiswahili aweza kuielewa shida hiyo: mtoto akisema “emu”, kisha “a”, atajuaje kwamba vikikutana huwa “ma”? Jina la herufi limeficha sauti yake. Watoto wepesi hukisia na kupita. Watoto wazito hukwama hapo miezi mingi, na watu huwaita wajinga.

Basi Padre akaagiza Mabruda waiache desturi ile, wafundishe konsonanti kwa namna mpya iliyo karibu na sauti yenyewe. Mabruda wengi walipinga, kwa kuwa walikwisha kuzoea njia ya zamani, na wao wenyewe walijifunza kwayo. Padre aliwasikiliza, lakini hakurudi nyuma, kwa kuwa njia ile ilipunguza taabu ya mtoto. Katika jambo hili alionyesha hekima kubwa: watoto wengi wasipofika kwa njia moja, mwalimu achunguze njia kabla ya kuwalaumu wasafiri.

Pamoja na hayo alikataza kupiga watoto, akakataza majina ya dharau. Akaleta nyimbo shuleni ili watoto wapende kuja. Akawafundisha Mabruda kwamba hawezi kulea mtoto asiyempenda, na kwamba watoto wote wapendwe sawa, hasa maskini, na walio nyuma katika masomo.

Palikuwa na yatima mmoja aliyepokelewa La Valla mama yake alipokufa. Alizoea kuzurura, hakutaka kutii, alitoroka tena na tena. Mabruda walichoka, wakaomba aachwe aende zake. Padre akawasihi wamvumilie na kumwombea. Baada ya muda mrefu mtoto yule alibadilika kabisa, akaomba kuingia shirika, akafa kijana akiwa Bruda mwema.

Mwisho wa safari

Kwa mikono yake ya ujenzi, Padre Champagnat alijenga pamoja na Mabruda nyumba kubwa ya Hermitage, karibu na Saint-Chamond, katika miaka ya 1824 na 1825. Kazi nyingi, safari na magonjwa vikamdhoofisha. Alifariki tarehe 6 Juni 1840, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Aliacha Mabruda karibu 280, na shule 48. Papa Pius XII alimtangaza Mwenye heri tarehe 29 Mei 1955, na Papa Yoane Paulo II akamtangaza Mtakatifu tarehe 18 Aprili 1999.

Watoto wake wa kiroho walifika pia katika Kongo. Tarehe 31 Oktoba 1996 Mabruda wanne wa Hispania, Servando, Miguel Ángel, Fernando na Julio, waliuawa Bugobe, karibu na Bukavu. Wangeweza kuondoka, lakini hawakutaka kuwaacha wakimbizi waliowahudumia.

Mafundisho kwa walimu na makatekista

Maisha haya yasisomwe kama hadithi ya mbali. Ituri nayo imeona vita vya miaka 1999 hadi 2003, na machafuko mapya tangu 2017. Watoto wengi wamekimbilia Bunia, wengine wamekaa kambini, na masomo yao yamekatika mara nyingi. Mtoto wa miaka kumi na mitatu aketiye katika darasa la pili, magoti yakigonga dawati, ni ndugu yake Marcellin wa Verrières. Nyumbani husema Kilendu, Kialur, Kibira au Kihema, sokoni Kiswahili, na kitabuni hukuta Kifaransa. Na tangu shule za msingi za serikali zilipofanywa bila malipo mwaka 2019, madarasa yamejaa, na ni rahisi mtoto kujificha nyuma.

Basi mwalimu atamtambuaje? Amtazame kwa makini. Mtoto mwenye shida huchanganya b na d, au p na b, hata baada ya wenzake kuacha kosa hilo. Husoma silabi ya kwanza, na neno lililobaki hulikisia. Huandika neno moja kwa namna tatu katika ukurasa mmoja. Hunakili ubao kwa mwandiko mzuri, lakini hawezi kusoma alichonakili. Katekista naye ajihadhari: mtoto aliyeshika majibu yote ya katekismu kichwani aweza kuwa amekishika kitabu juu chini. Lakini anayebadilisha l na r kwa sababu lugha ya mama yake husema hivyo, huyo asihesabiwe kuwa na shida ya kusoma.

Kisha mwalimu atafute sababu. Je, mtoto aona vizuri ubao? Asikia vizuri? Amekula? Amekosa miezi mingapi ya shule? Aielewa lugha ya kitabu? Amwulize kwa mdomo. Akijibu vizuri kwa mdomo na kushindwa kwa maandishi, akili yake i nzima. Taabu yake i katika herufi. Wako watoto wanaozaliwa na taabu hiyo. Mwaka 1896 daktari Pringle Morgan wa Uingereza aliandika habari za kijana wa miaka kumi na minne, mwenye akili njema na hodari wa hesabu, ambaye hakuweza kusoma. Leo hali hiyo huitwa disleksia. Si uvivu, si uchawi, wala si laana ya ukoo. Kama Marcellin alikuwa nayo, hakuna awezaye kusema. Vita, lugha na kofi vilitosha kumzuia.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Mtoto aketi mbele. Afundishwe sauti ya herufi kabla ya jina lake, silabi moja moja, kila siku kidogo. Achore herufi mchangani kwa kidole huku akitamka sauti yake. Asilazimishwe kusoma mbele ya wote kabla ya kujizoeza na mwalimu au mwenzake mpole. Aulizwe maswali kwa mdomo, hasa anapotayarishwa kwa Komunyo ya kwanza, ili asicheleweshwe mezani pa Bwana kwa ajili ya herufi. Na apewe kazi anayoiweza, wenzake waone kwamba naye ana kipawa. Wazazi nao waitwe, si ili washtakiwe, bali waelezwe.

Padre Champagnat alirudishwa nyumbani, naye akarudi tena, kwa sababu mama mmoja na paroko mmoja walimwombea nafasi ya pili. Mwaka wa shule unapoisha, mwalimu achukuapo kalamu kuandika majina ya walioshindwa, na akumbuke kwamba jina la mtakatifu huyu liliwahi kuandikwa katika orodha kama hiyo.